Sura ya Tano: Anajua Kunyonya, Hajui Mahali

Mtoto wa farasi anaposimama kwa mara ya kwanza huwa na miguu minne isiyopatana. Huu unakwenda mbele, ule unateleza pembeni, na katikati ya vurugu hiyo yeye ameshaanza kutafuta. Ulimi umejikunja, midomo inafyonza hewa. Anakifyonza kiwiko cha mama yake. Anauendea ukuta wa banda, anaupapasa kwa pua, anaunyonya. Anarudi, anajipenyeza katikati ya miguu ya mbele ya mama, anapiga kichwa juu mara mbili tatu akitarajia kupata kitu, na hapati kitu.

Anayeliona jambo hili kwa mara ya kwanza husema mtoto hajui kunyonya. Anajua sana. Mtie kidole safi mdomoni akiwa bado amelala kwenye nyasi, nywele zimelowa, hata nusu saa haijapita, na utahisi ulimi unavyokizunguka na kukivuta. Kunyonya amezaliwa nako. Asichokijua ni mahali. Anachobeba kichwani ni maelekezo ya jumla tu: nenda ubavuni mwa kitu kikubwa, fuata joto, inua pua mpaka ufike kwenye kona yenye kivuli. Mwili wa farasi jike una kona mbili za namna hiyo. Moja iko nyuma, penye kiwele. Nyingine iko mbele, mguu unapokutana na kifua, nayo haina kitu. Banda nalo lina kona zake, na mtoto hajui kuzibagua.

Nataka msomaji aishike tofauti hiyo kati ya kujua kazi na kujua mahali, kwa sababu msaada wote mzuri hutokana nayo. Msaidizi anayefikiri anafundisha kunyonya hukamata kichwa, hupanua mdomo, husukuma chuchu ndani, na mwishowe anakuwa na mtoto aliyechoka, mama aliyekasirika na saa zilizopotea. Msaidizi anayejua kwamba kazi yake ni kufupisha njia huishika sehemu ya nyuma ya mtoto na kukiacha kichwa kiwe huru. Nitarudi kwenye mikono baadaye. Kwanza tuone kwa nini njia hiyo inahitaji kufupishwa.

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa tayari na kingamwili za mama yake. Amezipokea tumboni kupitia kondo la nyuma, na hata akichelewa kupata ziwa, damu yake ina akiba. Farasi na punda hawakupewa njia hiyo. Kondo lao lina tabaka sita kati ya damu ya mama na damu ya mtoto. Hewa safi inapita, sukari inapita, lakini kingamwili ni kubwa mno, hazipiti. Kwa hiyo mtoto wa farasi anaangukia kwenye nyasi, mavi na vumbi akiwa karibu hana kinga yoyote ndani ya damu.

Kinga yake iko kwenye kiwele. Wiki za mwisho za mimba, mwili wa mama hukusanya kingamwili kutoka kwenye damu yake na kuziweka kwenye maziwa ya kwanza, ambayo wafugaji wetu huyaita dang'a: mazito, ya rangi ya manjano, yenye kunata vidoleni. Maziwa ya dang'a hutengenezwa mara moja kwa kila mimba. Yakishanyonywa au yakimwagika hayarudi. Ndani ya siku moja kinachotoka ni maziwa ya kawaida, matamu na mazuri, lakini kinga iliyomo ni kidogo mno kuliko ile ya mwanzo. Ndiyo sababu farasi jike anayechuruzika maziwa siku mbili tatu kabla ya kuzaa anapaswa kumtia mwenyewe wasiwasi. Yale yanayodondoka chini ndiyo yaliyokusudiwa mtoto.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloleta haraka. Utumbo wa mtoto mchanga una seli za pekee zinazoweza kuzimeza kingamwili nzimanzima na kuzipeleka kwenye damu. Seli hizo hazikai. Nafasi yake huchukuliwa na nyingine zinazomeng'enya chakula kwa namna ya kawaida, na uwezo wa kupitisha kingamwili unashuka saa hadi saa. Saa sita hadi nane za mwanzo ndizo bora. Baada ya saa 12 umepungua sana, na ikitimia siku moja utumbo umefunga. Mtoto anayepata dang'a kesho yake ameshiba, basi, kinga haimfikii.

Mtoto wa farasi wa kilo 50 anahitaji takriban lita moja hadi mbili za dang'a nzuri katika saa hizo za mwanzo. Akizikosa, anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza na ya pili. Kisha anaacha kunyonya, analala mno, anapata homa, au goti linavimba na kuwa moto. Wenye mifugo wengi wakiona kiungo kimevimba husema mama amemkanyaga. Mara nyingi ni vijidudu vilivyoingia kwa kitovu au mdomo, vikasafiri kwenye damu isiyo na ulinzi mpaka kwenye viungo. Matibabu yake ni marefu, ni ghali, na watoto wengi hawaponi.

Utumbo ule ule ulio wazi kwa kingamwili uko wazi pia kwa vijidudu, na hapo ule utafutaji wa mwanzo, wa kulamba ukuta na kufyonza mapaja machafu, unapata uzito mwingine. Kila anapokosea mahali anaokota uchafu, na akiokota kabla dang'a haijafika tumboni, uchafu unatangulia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msaidizi, kabla hata mtoto hajasimama, ni ndoo ya maji ya vuguvugu na kitambaa safi: osha kiwele, osha katikati ya chuchu mbili panapojikusanya uchafu mweusi kama nta, osha mapaja ya ndani, kausha. Ni kazi ya dakika tano, na sioni nyingine katika sura hii yenye faida kubwa kuliko gharama yake.

Mwaka 1967 daktari wa farasi Peter Rossdale, aliyefanya kazi Newmarket huko Uingereza, mji wa mashamba ya farasi wa mbio, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mwenendo wa watoto wa farasi tangu wanapozaliwa. Alikaa nao na saa mkononi. Kwa wastani walisimama baada ya muda wa karibu saa moja, na wakanyonya kabla kidogo ya saa mbili kutimia. Kanuni ambayo masaisi na madaktari wa mifugo wanaitumia mpaka leo inalingana na vipimo vya namna hiyo: saa moja asimame, saa mbili awe amenyonya, saa tatu kondo la nyuma liwe limetoka. Ninaipenda kanuni hii kwa sababu inamlinda mtoto pande zote mbili. Inamzuia mtu asiingilie dakika ya ishirini, na inamzuia asilale usingizi mpaka asubuhi.

Kwa nusu saa ya mwanzo, tokeni bandani. Mama anamlamba mtoto, anaitoa ile sauti ya chini ya puani ambayo hutaisikia akimwitia farasi mwingine, na mtoto anajifunza harufu yake. Kitovu kiacheni kikatike chenyewe mama anapoinuka au mtoto anapojikokota; kikishakatika, kichovywe kwenye dawa ya kuua vijidudu aliyoelekeza daktari. Kurunzi zizimwe, watoto wa jirani warudi nyumbani. Farasi wengi huzaa usiku, wakati pametulia, na wanapozongwa na watu mama hugeukageuka bila kutulia, na mtoto hawezi kumfuata mama anayezunguka.

Kuzunguka huko hutokea hata pasipo na watu, hasa kwa mama anayezaa mara ya kwanza. Mapenzi yake yenyewe yanakuwa kizuizi. Mtoto anafika ubavuni, anaielekea kona ya nyuma, bado kidogo tu apate, na mama anageuka amnuse. Kiwele kimeondoka, kichwa kimekuja. Mtoto anaanza upya. Nimeona jambo hili likirudiwa mpaka mtoto akaanguka kwa uchovu, ilhali hakuna kati yao mwenye kasoro. Dawa yake ni ndogo: mtu mmoja ambaye mama anamjua amshike kwa hatamu, amsimamishe sambamba na ukuta, ampe nyasi kidogo za kutafuna, na amruhusu kugeuza shingo kidogo tu. Mtoto akitulia upande wa nje, kichwa chake kikielekea nyuma ya mama, mama anaweza kumnusa matako bila kuhama. Hivyo ndivyo wanavyosimama wanyama hao siku zote wanaponyonyeshana, na hivyo ndivyo mama anavyohakikisha anayenyonya ni wake.

Mama wengine wanaumia. Kiwele kimejaa, kimekaza, ngozi inawaka, na midomo ya mtoto ikigusa tu, mama anapiga yowe na kuinua mguu. Hapo usimwite mkorofi wala usimpige; anasema ukweli kuhusu maumivu yake. Weka taulo iliyolowekwa maji ya moto kiasi na kukamuliwa, ikae kwenye kiwele dakika chache, kisha mkamue taratibu kiasi cha kulegeza tu, na hicho kidogo kikinge kwenye chombo safi, kisipotee. Mara nyingi, kiwele kikilegea, ugomvi unaisha. Mwenye hatamu na mwenye kumsaidia mtoto wawe upande mmoja wa mama. Akianza kurusha mateke, mwenye hatamu akivuta kichwa upande wao, sehemu ya nyuma inakwenda upande wa pili, mbali na watu na mtoto. Wakisimama pande tofauti, mvuto huo huo unaileta miguu ya nyuma juu ya mwenzake. Watu wamevunjwa mbavu kwa kutolijua hili.

Wapo mama wachache wanaomkataa mtoto kabisa, wanaomuuma na kumfukuza. Huo ni ugonjwa wa uhusiano, na hauponi kwa hatamu peke yake. Mtoto aondolewe mahali anapoweza kuumizwa, na daktari aitwe ili mama apewe dawa ya kumtuliza.

Sasa mikono.

Mkono mmoja uzunguke kifua cha mtoto kwa mbele, mwingine ushike matako. Usimbebe kwa tumbo: mbavu zake zimetoka kubanwa katika njia ya uzazi na zinaweza kuwa na nyufa. Mlete ubavuni mwa mama, na goti lako liegemeze nyonga yake ili miguu isiachane. Kisha subiri. Mtoto wa farasi akisukumwa husukuma kinyume. Hilo limo mwilini mwake tangu siku ya kwanza. Ukimsukuma kichwa chini, anakiinua. Ukikivuta kuelekea kiwele, anarudi nyuma. Ukirudia mara kadhaa, anaanza kuiona kona ile ya nyuma kuwa mahali pa kukabwa, na utakuwa umemfundisha kukimbia pale pale alipopaswa kufika. Msukumo wote uwe nyuma, mdogo, wa kumweka mahali. Kichwa kitatafuta chenyewe.

Akiwa karibu na bado anakosea, paka kidole maziwa ya mama yake, mpe akinyonye, na wakati anakinyonya kishushe polepole mpaka ubavu wa kidole uguse chuchu. Kamua tone moja limwangukie mdomoni. Chomoa kidole. Mara ya kwanza chuchu itamponyoka, mara ya pili pia. Mara nyingine atalala. Mwache alale. Mtoto mchanga anachoka upesi, na dakika kumi za usingizi humrudishia nguvu nyingi kuliko dakika kumi za kushikiliwa. Msaidizi mzuri hufanya jaribio fupi, huondoka, hurudi.

Akipata, utajua kwa masikio. Kufyonza hewa kuna sauti kavu ya midomo. Kunyonya maziwa kuna mdundo, na koo linaonekana likimeza. Mkia unatikisika. Mama anashusha kichwa, masikio yanalegea. Usimguse mtoto tena, usimrekebishe, usimpapase. Toka. Aliyefika mwenyewe mara mbili kwa kawaida hahitaji mtu wa tatu.

Saa mbili zikipita hajafika, usiendelee kuhangaika na chuchu peke yake. Mkamue mama, mpe mtoto kwa chupa, kiasi cha robo lita kwa wakati kwa mtoto wa farasi mkubwa, kidogo zaidi kwa mtoto wa punda, na rudia kila saa huku daktari akiwa njiani. Awe amesimama, au amelala kifudifudi kichwa kikiwa katika usawa wake wa kawaida. Chupa isipande juu ya macho yake. Na chupa iletwe pale pale ubavuni mwa mama, karibu na kiwele, ili hata anaponyonya mpira ajifunze mahali. Wasaidizi wengi hukaa kwenye kona ya banda na chupa, mtoto anajifunza kwamba chakula kiko kwa binadamu, na kesho anamfuata binadamu.

Katika sehemu nyingi za kwetu ndama au mbuzi mgonjwa hunyweshwa kwa chupa ya soda: kichwa kinainuliwa, shingo ya chupa inaingizwa pembeni mwa mdomo, maziwa yanamiminwa. Kwa mtoto wa farasi au punda aliyelegea, tendo hilo linaua. Asiyenyonya kwa nguvu hamezi vizuri, na maziwa yanakwenda mapafuni. Mtie kidole mdomoni. Kama hakivuti, chupa isimkaribie. Huyo anahitaji mpira mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni, na kazi hiyo ni ya mtu aliyefunzwa. Vilevile, maziwa yakionekana kutoka puani baada ya kunyonya, daktari amtazame kaakaa na koo kabla ya kuongezewa chochote.

Wako watoto ambao kosa lao halihusu njia. Wamezaliwa wakubwa, wenye miguu mizuri, lakini wanazurura bandani hawamjali mama, wanalamba kuta, wanasimama wakikodolea macho pasipo na kitu. Kwa miaka mingi hali hii ilielezwa kuwa ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kwa wengine ndivyo ilivyo. John Madigan wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliongeza wazo jingine. Mtoto akiwa tumboni huwa na homoni zinazomfanya asinzie, jambo jema, maana mnyama wa miguu mirefu hivyo hawezi kuruhusiwa kukimbia ndani ya mama. Kubanwa katika njia ya uzazi, kwa maoni yake, ni ishara ya kuamka, na kwa baadhi ya watoto ishara hiyo haifiki sawasawa, hasa wanapotoka kwa haraka mno au kwa upasuaji. Kwa hiyo yeye na wenzake walimfunga mtoto kamba laini kuzunguka kifua na kukaza, kwa dakika 20 hivi, muda unaokaribiana na ule wa kuzaliwa. Mtoto hulala usingizi mzito kamba ikikazwa. Ikilegezwa, baadhi yao huinuka na kwenda moja kwa moja kwenye kiwele. Zoezi hili halifai kwa mwenye mbavu zilizovunjika au anayepumua kwa shida, na haliondoi haja ya dang'a kwa mpira wakati wa kusubiri. Lakini linanivutia mno kwa maana ya sura hii: mtoto yule hakufundishwa chochote. Aliamshwa, na akaenda.

Lazima niseme pia juu ya hali moja ambamo kila nililoandika hapo juu linageuka. Farasi jike akipandwa na punda dume huzaa nyumbu, nao ni wanyama wa kazi wanaothaminiwa sana Ethiopia na Morocco. Nazungumzia nyumbu wa kufugwa, si wale wa mbuga ya Serengeti. Chembe nyekundu za damu za punda zina alama ambayo farasi hana, na mtoto nyumbu huirithi. Damu yake ikichanganyika na ya mama wakati wa kuzaliwa, mwili wa mama huitambua alama hiyo kuwa ngeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Mtoto nyumbu anayefuata hunyonya dang'a iliyobeba kingamwili hizo, na zinazibomoa chembe za damu yake mwenyewe. Anazaliwa mzima, ananyonya vizuri, na siku moja hadi tatu baadaye amelegea, ufizi umepauka au umekuwa wa manjano, mkojo mwekundu. Takriban nyumbu mmoja kati ya kumi anaweza kupatwa. Mwenye farasi jike aliyewahi kuzaa nyumbu anapaswa kumpima kabla hajazaa, na ikithibitika, mtoto avishwe kifungo cha mdomo kwa siku moja hadi mbili, abaki karibu na mama bila kunyonya, alishwe dang'a ya farasi mwingine, huku mama akikamuliwa kila baada ya muda mfupi na maziwa yake yakimwagwa. Ni kazi ngumu kwa roho kumzuia mtoto anayejua mahali.

Dang'a ya farasi mwingine haipatikani kwa kutamani. Inatunzwa. Mama mwenye maziwa mengi anaweza kukamuliwa kama robo lita baada ya mtoto wake kunyonya vizuri, ikawekwa kwenye friza na kukaa kwa miezi mingi. Inayeyushwa kwenye maji ya vuguvugu. Maji yanayochemka au moto wa jiko huziharibu kingamwili na kukuachia maziwa matupu. Penye friza ya samaki au nyama kijijini, chupa mbili za dang'a zinaweza kupata nafasi.

Nimeandika farasi, farasi, lakini kwa wasomaji wengi wa kitabu hiki mnyama aliye uani ni punda, na yote yaliyotangulia yanamhusu: kondo lile lile la tabaka sita, utumbo ule ule unaofunga. Lamu, mahali ambapo kwa karne nyingi mizigo imepita vichochoroni juu ya migongo ya punda, shirika la Donkey Sanctuary lilifungua zahanati ya punda mwaka 1987. Kwingineko punda anayezaa mara nyingi hana wa kumtazama isipokuwa mwenyewe, au mama wa nyumba anayemtegemea kwa maji.

Na sasa kila mtoto wa punda ana thamani kuliko zamani. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ya 2019 ilihesabu chini ya milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo vilifunguliwa vichinjio vya punda kwa ajili ya ngozi inayotengenezewa dawa ya kienyeji ya China, na wizi wa punda usiku ukawa jambo la kawaida. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliridhia marufuku ya miaka 15 ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Niliifurahia habari hiyo kwa moyo wote. Lakini punda hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Marufuku inazuia kupungua. Kuongezeka kunategemea mtoto huyo mmoja kufika kwenye kiwele.

Mahali pa kuanzia ni mzigo. Punda jike anayebeba madumu ya maji mpaka wiki ya kuzaa, anayekula kinachobaki kando ya barabara, huingia kwenye uzazi bila akiba, na kiwele chake hakina cha kutosha hata mtoto akikipata upesi. Ushauri wangu ni miezi mitatu ya mwisho ya mimba bila mizigo, na majani ya ziada, na nafuu kama hiyo baada ya kuzaa. Najua maana ya ushauri huo kwa nyumba yenye punda mmoja. Majirani wanaopokezana punda wakati wa uzazi, kama wanavyopokezana kulimiana, wanauwezesha. Mtu peke yake mara nyingi hawezi.

Baada ya kuzaa kuna kosa moja ambalo halionekani kuwa kosa. Kiwele cha farasi na cha punda ni kidogo, hakihifadhi maziwa ya kutwa kama cha ng'ombe. Mtoto katika siku zake za mwanzo hunyonya mara kadhaa ndani ya kila saa, dakika moja moja au mbili, na maziwa hutengenezwa kadiri anavyonyonya. Mwenye punda anayemfungia mtoto nyumbani asubuhi na kumpeleka mama mjini hadi jioni anaamini mtoto atanyonya akirudi, kwa kuwa ndama hufanya hivyo. Mtoto wa punda ameshapoteza siku, na kiwele kilichokaa kimejaa kutwa kimeanza kupunguza maziwa. Kama kazi haina budi, iwe safari fupi, na mtoto afuatane na mama yake, na msafara usimame kila anapotaka kunyonya.

Asubuhi ya pili, kabla ya yote, angalia vitu viwili. Kwanza kiwele: kikiwa kimejaa, kimekaza na kinadondosha, mtoto hanyonyi, hata kama umemwona mara kumi akiwa ameinamia pale. Kikiwa laini na chuchu zina unyevu, ananyonya. Kisha paji la uso wa mtoto: likiwa na michirizi ya maziwa yaliyokauka, anasimama chini ya chuchu bila kuishika, na maziwa yanamdondokea. Penye daktari na maabara, damu ikipimwa baada ya saa 18 hadi 24 itaonyesha kingamwili zilizopita. Gramu 8 kwa lita na zaidi ni salama, chini ya 4 ni hatari, na hapo kinachobaki ni kumtia kingamwili kwa mshipa, kupitia damu ya farasi au punda mwingine mzima iliyochujwa. Mahali pasipo na maabara, mtazame mtoto akiamka usingizini. Mzima huinuka, hujinyoosha, na kabla ya kufanya lolote jingine huenda kunyonya.